Saa Kuukuu na Kamari ya Ujinga

Ushujaa ni sifa njema, lakini si kila kitendo kijiitacho ushujaa kina haki ya jina hilo. Siku hizi umezuka mtindo miongoni mwa vijana wetu, na baadhi ya wazee wao, wa kununua saa kuukuu za mkono kwa njia ya intaneti. Mtu hukaa usiku na simu yake mkononi, akatazama picha nne za saa iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa, iliyo mikononi mwa muuzaji asiyemjua, katika mji asiopata kuufikia. Hupeleka fedha, kisha hungoja. Baada ya wiki tatu au nne kifurushi huwasili. Akipata saa njema, huwaonyesha rafiki zake na kusema kwamba alithubutu. Akipata takataka, husema kwamba alibahatisha, na bahati haikuwa yake. Katika hali zote mbili hujiona mtu mwenye moyo mkuu.

Mimi nakana. Nasema kwamba jambo hilo, kama lifanywavyo na wengi, si ushujaa wala si biashara. Ni kamari; tena si kamari ya bahati, bali ni kamari ya ujinga, ambayo kila mchezaji humwombea mwenziwe awe mjinga kuliko yeye. Sisemi haya kwa kusimama mbali na kuwanyoshea wengine kidole. Nimeicheza kamari hiyo mwenyewe, nikaliwa, na baada ya kuliwa nikashawishiwa kumla mwingine. Habari hiyo nitaieleza mahali pake.

Kabla sijashambulia, yanipasa kuwatendea haki wapenzi wa saa za kale, kwa sababu mapenzi yao si upuuzi. Saa ya zamani huendeshwa na kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa, ambao hufunguka polepole na kusukuma magurudumu ya meno. Mwisho wa magurudumu hayo mna gurudumu dogo liendalo huku na huku bila kupumzika, likikata wakati vipande vipande: mapigo 18,000 kwa saa moja katika saa nyingi za kale, na 21,600 au 28,800 katika nyingine. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono ya kwanza yenye kupima wakati kwa kijiwe cha kwatsi na kwenda kwa betri. Katika miaka iliyofuata ulimwengu uliupa kisogo ufundi wa kamani, na viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa. Basi saa ya kamani iliyonusurika ni salio la ustadi mkubwa wa mikono ya watu, na mwenye kuipenda hana haja ya kujitetea.

Miongoni mwa saa zipendwazo sana ni Seiko 5, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963. Ile 5 si namba ya bure. Yahesabu sifa tano: kujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, kuonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, kustahimili maji, kuwa na kifundo kilichojificha penye tarakimu 4, na kuwa na kasha na mkanda madhubuti. Marehemu baba yangu alikuwa nayo moja. Tarakimu ile 4, yeye, kama sisi sote tusemao Kiswahili, aliisoma saa kumi, kwa kuwa siku yetu huanza jua lichomozapo. Wazee wetu walivaa saa zenye hesabu za wageni, wakasoma ndani yake wakati wao wenyewe. Saa ya baba ilipotea zamani. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta mfano wake sikuwa natafuta chuma na kioo tu, na naamini wengi watafutao saa kuukuu wana kisa cha namna hiyo. Wauzaji nao wajua kwamba tunacho.

Niliiona katika mnada mmoja wa mtandaoni. Uso wake ulikuwa wa buluu iliyoiva, safi kama sahani mpya. Chini ya picha muuzaji aliandika mambo matatu kwa ufupi: kwamba saa inatembea, kwamba yeye hajui mengi kuhusu saa, na kwamba inauzwa kama ilivyo. Nilipolisoma lile neno la pili, moyo wangu uliruka kwa furaha. Namwomba msomaji aikumbuke furaha hiyo, maana ndiyo kiini cha insha yangu. Nilipandisha bei mara mbili, nikashinda, nikalipa shilingi 180,000 pamoja na gharama ya posta.

Saa ilipofika nilimpelekea fundi mmoja mzee mwenye meza ndogo katika baraza ya duka la vitambaa. Alitia kioo chake cha kukuzia jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akanyamaza kitambo. Yafaa kueleza alichokuwa anatazama. Nyuma ya saa za Seiko za miaka ile huandikwa tarakimu nne za aina ya mashine, kisha nne nyingine za aina ya kasha. Na namba ya saa yenyewe huanza kwa tarakimu ya mwaka ikafuatwa na alama ya mwezi. Mfuniko wa saa yangu ulisema 6119. Mashine iliyokuwa ndani ilikuwa 7009, ambayo ni aina ya miaka ya baadaye. Uso ule wa buluu ulikuwa umepakwa rangi upya, herufi zake zikawa nene na nzito, na zile alama ndogo sana za kiwanda zikaao chini ya uso hazikuwapo kabisa. Mishale ilitoka kwa saa nyingine tena.

“Mwanangu,” fundi aliniambia, “hii si saa moja. Hawa ni marehemu watatu katika kaburi moja.”

“Lakini inatembea, Mzee,” nikasema.

“Inatembea. Saa haina kosa. Kosa ni la aliyenyamaza.”

Maneno hayo yalitosha kunifundisha, lakini somo langu halikuishia hapo. Jioni ile rafiki yangu mmoja, mtu mwema anayenipenda, alinipa shauri la kurejesha fedha zangu. “Ipige picha nzuri,” alisema, “uirudishe mnadani. Andika kama alivyoandika yeye, kwamba hujui mengi kuhusu saa.” Hakuona ubaya wowote. Alisema kwamba ndivyo soko lilivyo, na kwamba mnunuzi ajaye naye atakuwa amekwisha kubali kubahatisha. Naungama kwamba usiku ule niliitoa simu, nikaipiga saa picha moja chini ya taa, nikaona jinsi buluu ile ilivyopendeza.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile furaha yangu. Kwa nini nilifurahi niliposoma kwamba muuzaji hajui mengi kuhusu saa? Katika biashara yoyote nyingine neno hilo lingenitia hofu. Mtu hawezi kufurahi akisikia kwamba daktari wake hajui mengi kuhusu maradhi, wala kwamba nahodha wake hajui mengi kuhusu miamba. Mimi nilifurahi kwa sababu nilidhani nimempata mtu wa kumpunja. Nilijipigia picha ya mjane anayeuza vitu vya marehemu mumewe bila kujua thamani yake, nami nikajiona mwerevu nitakayempokonya kito kwa bei ya kokoto. Nilikuwa tayari kabisa kumpunja mjane. Nilichokuja kulalamikia ni kwamba mjane hakuwapo, alikuwapo mwindaji aliyejitanda kanga ya mjane. Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima nilikichimba mimi kwa tamaa yangu; muuzaji alikuwa na kazi ya kukifunika majani tu.

Basi hiyo ndiyo kamari ninayoitaja. Mnunuzi huweka fedha kwa kutumaini ujinga wa muuzaji. Muuzaji huuigiza ujinga huo kwa kujua tumaini la mnunuzi. Neno “sijui,” ambalo katika kinywa cha mwanafunzi ni mlango wa elimu, hapa limefanywa chambo. Mtu aliyefungua kasha la saa, akatoa mashine, akatia nyingine, akapaka uso rangi na kuchagua mishale ya kulingana nayo, anajua habari za saa kuliko wanunuzi wake wote kwa pamoja. Akisema hajui, asema uwongo ulio safi kama uso ule wa buluu.

Watetezi wa kubahatisha wana hoja zao, na si haki kuzipita bila kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni ya hazina. Hutuambia habari ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman wa Marekani, iliyouzwa mnadani New York mwezi wa Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Husema kwamba mahali fulani, katika droo ya mtu asiyejua, iko hazina nyingine kama hiyo, na asiyebahatisha hataipata. Wanaitumia habari hiyo kinyume cha maana yake. Saa ile haikuuzwa kwa kubahatisha hata kidogo. Ilijulikana kwamba Newman alipewa na mkewe Joanne Woodward, ilijulikana maneno aliyoyachora mgongoni mwake, na ilijulikana alimpa nani baadaye. Katika viwanda ziko Daytona nyingine zilizotoka na chuma kile kile na mashine ile ile, wala hazikupata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilicholipiwa pale kilikuwa ushahidi. Bei hiyo kubwa ilitolewa mahali palipokuwa na ujuzi mwingi kuliko pote, na mtu atakaye kuifuata nyayo zake na atafute ujuzi.

Hoja ya pili husema kwamba hata mabingwa hukosea, kwa hiyo hapana faida ya kuchunguza. Mfano wake upo. Mwezi wa Novemba 2021 huko Geneva iliuzwa Omega Speedmaster ya mwaka 1957 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe, ambayo ndiyo iliyoinunua, ilitangaza kwamba saa ile iliundwa kwa vipande vilivyokusanywa, na kwamba watu waliokuwa watumishi wake walihusika katika hila hiyo. Ni kweli basi kwamba mabingwa walinaswa. Lakini tazama walivyonaswa: ilibidi hila ifanywe kwa ujuzi mkubwa, na hatimaye ilifichuliwa kwa ujuzi mkubwa zaidi. Ujinga haukumwokoa mtu hata mmoja katika kisa hicho. Mwenye ngao akijeruhiwa, haimpasi asiye na ngao kuona fahari ya kifua chake kitupu. Ikiwa wenye nyaraka za kiwanda waliweza kudanganywa, sembuse kijana mwenye picha nne na tumaini?

Hoja ya tatu ni ya wasomi, nayo yataka jibu la heshima. Husema kwamba kila biashara ina hatari, na kwamba wazee wetu wa pwani wasingalipata nguo wala tende wala vyombo kama wasingalithubutu kuzipakia mali zao katika majahazi na kuzitoa kwa msimu wa kaskazi na kusi. Nakubali kwamba biashara ina hatari. Nakataa kwamba hatari zote ni za jamii moja. Iko hatari ya bahari, na iko hatari ya ulimi. Bahari yaweza kuzamisha chombo, lakini haimwambii nahodha kwamba haijui mengi kuhusu mawimbi. Hatari ya bahari haina mwenye kuifanya kwa makusudi, na kwa hiyo kuikabili ni ushujaa. Hatari ya ulimi ina mwenyewe, aliyeitengeneza kwa faida yake. Kuikubali si ushujaa. Ni kumlipa mtu mshahara kwa kutudanganya.

Sheria za dini na za serikali zimeijua tofauti hiyo tangu zamani. Katika sheria ya Kiislamu mauzo yenye gharari, yaani ya kitu kisichojulikana hali yake, hukatazwa, na mifano yake mashuhuri ni samaki aliye majini na ndege aliye angani. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni wakali katika kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Na mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Imesimuliwa katika hadithi kwamba Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta chini kumelowa. Mwenye mali alisema kwamba ni mvua. Mtume alimwuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Swali hilo halikumlaumu mtu kwa mvua. Lilimlaumu kwa mpango wa rundo. Vivyo hivyo mimi simlaumu mtu kwa kuwa saa yake ni ya vipande. Katika miji ya India, na hasa Mumbai ambayo jina lake limeshikamana na saa za namna hii, wako mafundi waliofufua maelfu ya Seiko na HMT zilizokufa, wakazipaka nyuso rangi mpya, zikaenda tena. Na kufufua si dhambi. Kosa huanza pale unyevu uwekwapo chini na ukavu juu.

Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na moja ya kanuni zake ni kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo sharti kilingane na maelezo hayo. Kanuni ni njema, lakini humfunga mwenye kusema. Muuzaji mwerevu wa leo amegundua kwamba ulimi usiosema haushitakiwi. Haandiki kwamba uso wa saa ni wa asili. Huweka picha, akaliacha jicho lako liseme. Haandiki kwamba mashine ni 6119. Huonyesha mfuniko wenye namba hiyo, akakuacha usome. Uwongo wote hufanywa na mnunuzi mwenyewe kichwani mwake, na muuzaji hubaki na mikono safi. Ndiyo maana nasema kwamba “sijui” ya muuzaji yafaa kuhesabiwa kuwa ni maelezo. Mwenye kusema hajui adai pia kwamba hajafungua, hajabadilisha, wala hajapaka. Na ikibainika vinginevyo, awe amevunja ahadi yake.

Hoja ya nne ndiyo ipendwayo kuliko zote. “Fedha ni zangu,” husema mbahatishaji, “na hasara ni yangu. Wewe inakuhusu nini?” Natamani ingekuwa kweli. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari makuukuu, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya elimu hiyo. Maana yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Ikiwa wanunuzi hawawezi kutenga gari zima na gari bovu, watatoa bei ya katikati kwa yote. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye gari zima, kwa hiyo ataliondoa sokoni. Ni kubwa kwa mwenye gari bovu, kwa hiyo ataleta mengine. Wazima wakipungua, bei hushuka tena, na wazima waliobaki huondoka nao. Mwisho soko huoza, wala si kwa sababu vitu vizuri havipo duniani, bali kwa sababu vimefukuzwa.

Hayo ndiyo yanayotokea katika soko la saa kuukuu, na mbahatishaji ndiye mfukuzaji. Mfikirie muuzaji mwaminifu. Amemlipa fundi afungue saa na kuisafisha, amepiga picha ya mashine, ameandika kwamba mshale mmoja si wa asili na kwamba saa hupoteza dakika mbili kwa siku. Kwa kuwa ametumia fedha, bei yake ni kubwa kidogo. Mbahatishaji humpita bila salamu, akaenda kwa yule asemaye hajui. Humpita kwa sababu ukweli umefunga mlango wa ndoto: katika saa ya mwaminifu hamna tena hazina ya kuotea. Baada ya kupitwa mara kumi, mwaminifu naye hujifunza kunyamaza. Kwa hiyo hasara ya mbahatishaji si yake peke yake. Ni ada anayoilipa ili uwongo uendelee kusoma.

Tena kuna hasara ya mwili. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa radiamu iliyochanganywa na chumvi ya zinki, ili mishale na tarakimu zing'ae gizani. Wanawake wa viwanda vya New Jersey na Illinois, waliozipaka nyuso hizo katika miaka ya 1910 na 1920 huku wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, walipata maradhi ya mifupa na taya, na wengi walikufa. Leo saa hizo haziangazi, na mnunuzi hudhani kwamba sumu imekwisha. Kilichochakaa ni zinki. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu yake. Ikiwa ndani ya kasha lililofungwa hatari yake si kubwa, lakini kasha likifunguliwa, vumbi la rangi iliyochanika laweza kuvutwa puani na kuingia mwilini. Na ni nani afunguaye kasha? Ni yule mzee barazani, asiye na kinga ila kioo chake cha jicho, ambaye meza yake ya kazi ndiyo meza yake ya chai. Muuzaji alisema hajui, mnunuzi hakuuliza, fundi ndiye avutaye pumzi. Na aseme tena mbahatishaji kwamba hasara ni yake.

Huenda mtu akauliza kama basi nataka saa za kale zisinunuliwe kwa mbali. Sitaki hivyo. Mtu wa Mwanza hawezi kusafiri hadi Osaka kutazama saa, na picha iliyopigwa kwa haki yaweza kuonyesha mambo ambayo jicho lingeyakosa dukani. Nataka kamari iondoke, biashara ibaki. Muuzaji afungue mfuniko na kuonyesha mashine. Kwa fundi hiyo ni kazi ya dakika chache. Aseme kilichobadilishwa. Kama kweli hajui, na amwulize fundi kabla ya kuuza, maana kuuliza si ujinga, ila kuuza kabla ya kuuliza ndiyo hila. Mnunuzi naye adai hayo, na akinyimwa aondoke, hata kama buluu ya uso ule yamwita kwa jina la baba yake. Wenye masoko ya mtandaoni, ambao hupata sehemu yao katika kila mauzo, wasipokee saa isiyo na picha ya ndani. Tumezoea kumcheka mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Yafaa tuanze kumwuliza mwenye soko kwa nini magunia yaruhusiwa.

Linabaki jambo gumu zaidi, nami sitalikwepa. Je, akiwapo mjane wa kweli? Akiwapo mtu asiyejua kwa haki, na saa yake ni kito, na mnunuzi ni mjuzi? Watu wema wamenijibu kwamba elimu ni mali, na kwamba aliyetumia miaka kujifunza ana haki ya matunda yake. Nakubali kwamba ana haki ya ujira. Lakini ujira wa elimu ni kitu kimoja, na mali yote ya asiye nayo ni kitu kingine. Daktari hulipwa kwa kujua maradhi yetu. Hatumpi nyumba zetu kwa kuwa sisi hatukuyajua. Mjuzi na amwambie mjane alicho nacho, kisha apatane naye bei yenye faida kwa wote wawili. Kama jambo hilo laonekana kuwa upumbavu katika soko la leo, basi aibu ni ya soko.

Saa yangu ingali nami. Sikuirudisha mnadani, wala sikuivunja. Hupoteza dakika tano kwa siku, nami huirekebisha kila asubuhi mishale inapoonyesha 7, ambayo ni saa moja yetu. Katika kijisanduku chake nimetia karatasi yenye maneno ya fundi: kasha la saa hii, mashine ya saa ile, mishale isiyojulikana ilikotoka, rangi mpya. Mpwa wangu aliisoma karatasi hiyo akacheka, akasema kwamba sasa haitauzika hata kwa nusu ya bei niliyoitoa. Amesema kweli, na atakayeirithi atajua kitu gani amerithi. Wanaoshikilia kwamba nimepoteza fedha kwa ushamba wangu, na kwamba mtu mzima hucheza na kunyamaza, nawaalika wanijibu. Ila nawaomba, watakaponijibu, wasianze kwa kusema kwamba hawajui mengi kuhusu saa.